Huckleberry Finn: Ugomvi wa Neno Umefunika Ugomvi wa Mwisho

Tangu riwaya ya Percival Everett iitwayo James ilipochapishwa Machi 2024, ikatwaa Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwezi Novemba mwaka huohuo na kisha Tuzo ya Pulitzer mwezi Mei 2025, mjadala wa siku nyingi kuhusu Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain umefufuka. Everett amesimulia upya safari ileile ya mto Mississippi kwa kinywa cha Jim, mtumwa aliyetoroka, badala ya kinywa cha Huck, mvulana wa Kizungu anayesafiri naye. Wapo waliofurahi kwamba sasa kimepatikana kitabu cha kushika nafasi ya kile cha zamani darasani, ili msamiati wake unaochoma, hasa tusi moja la rangi dhidi ya watu weusi, upumzishwe kabatini. Wapo pia walionuna, wakiona kwamba mwandishi wa leo amemhukumu marehemu kwa sheria asizozijua. Pande hizi mbili, pamoja na kelele zao zote, zinakubaliana juu ya jambo moja: kwamba tatizo la kitabu cha Twain ni maneno yake. Mimi naona hapo ndipo zinapokosea. Tatizo kubwa la riwaya hiyo limo katika sura zake 12 za mwisho, na msamiati unaolalamikiwa hauwezi kuhukumiwa kwa haki mpaka usomwe ndani ya sura hizo. Anayeliondoa neno amejinyima kipimo cha kuupimia mwisho, na anayeuruka mwisho hataona neno lile lilikuwa likifanya kazi gani tangu mwanzo.

Kwa asiyeikumbuka vizuri hadithi yenyewe, mambo yanatokea katika bonde la Mississippi miaka ya 1830 au 1840, katika jimbo la Missouri ambako utumwa ulikuwa halali. Huck anamkimbia baba yake mlevi kwa kujifanya ameuawa. Jim naye anamkimbia mmiliki wake, Miss Watson, baada ya kumsikia akisema kwamba huenda akamuuza New Orleans kwa dola 800. Wawili hao wanashuka na mto kwa chelezo, wakikusudia kufika mji wa Cairo, mahali mto Ohio unapoungana na Mississippi, ili wapande kuelekea majimbo yasiyo na utumwa. Ukungu unawapoteza usiku, wanaupita mji huo pasipo kuuona, na tangu hapo kila maili inamsukuma Jim ndani zaidi ya nchi ya watumwa. Katika sura ya 31 tapeli mmoja aliyejiita Mfalme anamuuza Jim kwa dola 40. Huck anaandika barua ya kumjulisha Miss Watson mahali alipo mtumwa wake, anajisikia ametakasika kwa kutimiza wajibu wake wa dini na sheria, halafu anamkumbuka Jim wa mtoni, anaichana barua na kusema kwamba basi, atakwenda motoni. Hakuna pahali pengine katika riwaya hii panaponukuliwa kama hapa, na sifa hiyo ni haki yake, kwa sababu mvulana huyu haamini hata kidogo kwamba anatenda wema. Anaamini anatenda dhambi, na anaichagua.

Baada ya hapo ndipo kitabu kinapogeuka. Huck anafika katika shamba la familia ya Phelps ambako Jim amefungiwa, anadhaniwa kuwa ni Tom Sawyer, na punde Tom mwenyewe anatokea na kukubali kusaidia kumtorosha Jim. Kazi yenyewe ni nyepesi: mnyororo wa Jim umezungushwa tu kwenye mguu wa kitanda, na kitanda kikiinuliwa mnyororo unatoka. Lakini Tom amesoma hadithi za wafungwa mashuhuri wa Ulaya, na hataki mfungwa wake atoroke kama mtu wa kawaida. Inatakiwa ngazi ya kamba iliyofichwa ndani ya mkate, shajara iliyoandikwa kwa damu, nyoka, panya na buibui wa kuishi na mfungwa, maandishi ya majonzi yaliyochongwa kwenye jiwe. Jiwe la kusagia linapokuwa zito mno kwa wavulana, Jim anatolewa kwenye kibanda akiwa na mnyororo wake shingoni, anasaidia kulisukuma mpaka ndani, halafu anarudishwa kifungoni. Mchezo huo unaishia kwa wakulima wenye bunduki kuitwa kwa barua zisizo na jina zilizoandikwa na Tom mwenyewe. Tom anapigwa risasi mguuni, na Jim, ambaye angeweza kukimbia, anabaki kumsaidia daktari, anakamatwa, anapigwa na kufungwa minyororo mikono na miguu. Ndipo inapofichuka kwamba Miss Watson alifariki miezi miwili iliyopita na alimwacha Jim huru katika wasia wake, na kwamba Tom alilijua hilo siku zote.

Kauli mashuhuri kuliko zote dhidi ya mwisho huu ilitolewa, kama inavyosimuliwa, katika ardhi ya Tanganyika. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway, katika kitabu chake cha 1935 kuhusu safari yake ya kuwinda, anajieleza akizungumza na Mwaustria aliyeharibikiwa na lori porini, na katika mazungumzo hayo anasema kwamba fasihi yote ya kisasa ya Marekani imetokana na kitabu kimoja cha Mark Twain, lakini msomaji aishie pale Jim anapoibwa kutoka kwa wavulana, kwani huo ndio mwisho wa kweli na yanayobaki ni udanganyifu. (Mwaustria huyo ndiye aliyekuja kujulikana baadaye kama Hans Cory, mwandishi wa sheria na mila za Wasukuma, ingawa si wengi wanaomkumbuka kwa mazungumzo haya.) Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi mno kama hukumu ya mwisho, na nusu yake ya kwanza hupendwa hivi kwamba nusu ya pili haikaguliwi. Ikikaguliwa, inayumba. Mahali anapopataja Hemingway mvulana ni mmoja tu, maana Tom hajafika. Na kibaya zaidi, Jim anauzwa mwanzoni mwa sura ya 31, ilhali Huck anaichana barua yake baadaye katika sura hiyohiyo. Anayeutii ushauri wa Hemingway kwa maneno yake yalivyo anakifunga kitabu kabla ya tukio linalokipa kitabu hicho heshima yake. Huenda mzee alikuwa akikumbuka kwa ujumla tu, na hakuwa na kitabu mkononi porini; lakini ushauri wa kuruka sura 12 ulipaswa kutoka kwa mtu aliyezisoma kwa uangalifu zaidi.

Baada ya Hemingway, mjadala wenye hoja nzito zaidi ulikuja kati ya 1948 na 1953. Mhakiki wa Marekani Lionel Trilling, katika utangulizi wake wa toleo la 1948 la riwaya hiyo, alikubali kwamba mwisho una kasoro lakini akaona unafaa kwa upande wa fani, kwa kuwa unamrudisha Huck mahali pa nyuma anapopapenda na kumwacha Tom awe shujaa. Mshairi T. S. Eliot, aliyekulia St. Louis kando ya mto huohuo, aliandika mwaka 1950 kwamba ni sawa hali ya mwisho iturudishe kwenye hali ya mwanzo. Mwaka 1953 mhakiki Leo Marx aliwajibu wote wawili kwa ukali unaostahili. Alisema kwamba umbo zuri haliwezi kuwa fidia ya maana iliyopotea: safari ilikuwa ni ya kutafuta uhuru, na sura za mwisho zinaigeuza safari hiyo kuwa mchezo wa watoto, zinamfanya Jim kuwa kikaragosi na Huck kuwa mpambe wa Tom. Hoja ya Trilling na Eliot ndiyo dhaifu kuliko zote zilizowahi kutolewa juu ya jambo hili. Inadai kwamba duara likifungwa vizuri hatuna haki ya kuuliza ni nani aliyebanwa ndani yake. Kitabu kinachoifunga sura ya 23 kwa kutuonyesha Jim akilia kwa sababu aliwahi kumpiga binti yake mdogo pasipo kujua kwamba mtoto huyo ni kiziwi, hakiwezi kudai baadaye kwamba Jim ni pambo tu la muundo.

Ipo hata hivyo hoja ya kuutetea mwisho ambayo Marx hakuijibu, na ambayo imepata nguvu kadiri wahakiki walivyozidi kuangalia tarehe. Twain alianza kuandika mwaka 1876, akaweka mswada kando, akaurudia kwa vipindi na kuukamilisha kiasi kikubwa mwaka 1883. Utumwa ulikuwa umefutwa kikatiba mwaka 1865. Mwaka 1877 ulinzi wa majeshi ya serikali kuu katika majimbo ya Kusini ulikoma na watu weusi wakaachwa mikononi mwa mabwana wao wa zamani. Mwaka 1883 Mahakama Kuu ya Marekani ikabatilisha vifungu vikuu vya sheria ya haki za kiraia ya 1875. Na kotekote Kusini wafungwa weusi walikuwa wakikodishwa mashambani na migodini kwa kazi ambazo jana walizifanya wakiwa watumwa. Mtu aliye huru kisheria, aliyefungwa minyororo, huku wale wenye kuujua uhuru wake wakimchelewesha kwa taratibu wanazozifurahia wenyewe: hiyo ni picha ya Marekani ya 1883 kuliko ya 1840. Ukiisoma hivyo, sura za shamba la Phelps zinakuwa tashtiti kali, yaani kejeli ya kukosoa, juu ya ukombozi uliotangazwa na kisha kufanyiwa mzaha.

Nashawishika na usomaji huo, ila si kwa asilimia mia. Majira ya baridi ya 1884 hadi 1885 Twain alizunguka miji ya Marekani akisoma maandishi yake jukwaani pamoja na mwandishi George Washington Cable, na miongoni mwa vipande alivyovisoma vilikuwemo vya kumtorosha Jim. Aliviona kuwa ni vichekesho vinavyomfanikisha ukumbini. Mwezi Januari 1885, jarida la Century, ambalo lilikuwa likichapisha sehemu za riwaya hiyo, lilichapisha pia makala ya Cable, Mzungu wa Kusini aliyewahi kupigana upande wa watetezi wa utumwa, akidai waziwazi haki za raia kwa watu weusi walioachiwa huru. Kwa hiyo katika kurasa za jarida moja palikuwa na mtu aliyelisema jambo hilo bila kificho na mwingine ambaye, kama alilisema, alilifunga ndani ya kichekesho hivi kwamba wasikilizaji walicheka na kwenda zao. Tashtiti ambayo hadhira yake haikuitambua si lazima iwe si tashtiti. Lakini haituruhusu kudai kwamba Twain alikusudia kila tunachokiona leo, wala kusahau kwamba kicheko kile kilikuwa kwa hasara ya Jim.

Hapa ndipo msamiati unapoingia. Lile tusi la rangi, ambalo Wamarekani wa leo hulitaja kwa herufi yake ya kwanza tu, linatokea katika riwaya hii zaidi ya mara 200. Mwaka 2011 mtaalamu wa Twain, Alan Gribben, kwa kushirikiana na shirika la uchapishaji la NewSouth la Alabama, alitoa toleo lililoweka neno la Kiingereza lenye maana ya mtumwa mahali pa tusi hilo. Nia yake ilieleweka: walimu walikuwa wameanza kukiacha kitabu kabisa, naye akaona afadhali kisomwe kikiwa kimepunguzwa makali kuliko kisisomwe. Waliompinga walizungumza zaidi kuhusu uhuru wa mwandishi na hatari ya kuchokora maandishi ya kale, hoja ambazo ni sahihi lakini zinaweza kutolewa kwa kitabu chochote. Hoja iliyo mahsusi kwa kitabu hiki ni kwamba maneno hayo mawili hayana maana moja, na kwamba Twain mwenyewe aliyatofautisha. Utumwa ni hali ya kisheria, inayoweza kufutwa kwa wasia. Tusi lile ni cheo cha kuzaliwa, na hakuna wasia unaolifuta. Katika sura ya 6 baba yake Huck, akiwa amelewa, anafoka juu ya mtu mweusi aliye huru kutoka Ohio, profesa wa chuo, mwenye shati jeupe na saa ya dhahabu, ambaye kwao ana haki ya kupiga kura. Humo mlevi analirudia tusi pamoja na neno “huru”, na hasira yake yote imo katika mgongano wa maneno hayo mawili. Ukisema “mtumwa huru”, umeandika kitendawili kisicho na jibu.

Ushahidi ulio mzito zaidi umo katika sura ya 42. Tom akiwa kitandani na jeraha lake anasikia kwamba Jim amekamatwa, anainuka na kupiga kelele kwamba hawana haki ya kumfunga, wamfungue mara moja, kwani yeye si mtumwa, yuko huru kama kiumbe chochote kinachotembea juu ya dunia. Hapo Twain anatumia neno la kisheria, kwa makusudi. Kisha Huck anafikiri moyoni: kumbe Tom Sawyer alijitaabisha kiasi kile ili kumpa uhuru mtu aliyekuwa huru tayari, na mahali nilipoandika “mtu” pana lile tusi, limebanwa katikati ya neno “huru” lililotajwa mara mbili. Sentensi hiyo ndiyo muhtasari wa sura zote za mwisho. Inasema kwamba uhuru umetangulia, uhuru umefuata, na katikati yake mtu amebaki vilevile anavyoitwa. Kama ipo tashtiti ya Marekani ya 1883 katika kitabu hiki, imo ndani ya sentensi hiyo kuliko mahali pengine popote. Badilisha neno moja tu, nayo inakuwa mzaha mwepesi juu ya mvulana aliyepoteza muda wake. Ndiyo sababu nasema ugomvi wa neno na ugomvi wa mwisho ni ugomvi mmoja: hoja bora kabisa ya kuutetea mwisho inasimama juu ya neno ambalo wengi wangependa liondolewe.

Mfano mwingine uko mwanzoni mwa sehemu hiyohiyo, katika sura ya 32. Huck anahitaji kumweleza Shangazi Sally, mke wa Phelps, kwa nini amechelewa, naye anabuni papo hapo ajali ya mashine ya meli ya mvuke. Bibi anauliza kama kuna aliyeumia. Huck anajibu kuwa hapana, ila ameuawa mmoja, na anamtaja kwa tusi lile. Bibi anashukuru kwamba ni bahati, maana wakati mwingine watu huumia. Mazungumzo haya yanakuja sura moja tu baada ya Huck kuukubali moto wa jehanamu kwa ajili ya Jim, nayo si kumbukumbu ya tukio: hakuna ajali, hakuna maiti. Huck amebuni mfu wa kumridhisha mwenyeji wake kwa sababu anajua hasa ni jibu gani bibi mwema na mcha Mungu atalipokea pasipo kushtuka. Wapo wanaodai kwamba neno hilo liko kitabuni kwa sababu tu watu wa wakati ule ndivyo walivyozungumza. Utetezi huo ni mvivu, na naona unamdhulumu Twain kuliko wanavyomdhulumu wapinzani wake. Huwezi kuweka neno “watu” na tusi lile ndani ya majibizano ya sentensi tatu, moja likilitenga jingine, kisha ukasema ni mazoea ya lugha. Mwandishi alikuwa akipima nani anahesabiwa kuwa mtu, na alijua anachofanya.

Lipo pingamizi ambalo siwezi kulipuuza, nalo halihusu maana ya kitabu bali darasa kinamosomwa. Mtoto mweusi wa miaka 14, pengine peke yake kati ya wenzake wa Kizungu, anasikia tusi la babu zake likisomwa kwa sauti zaidi ya mara 200, na anaambiwa avumilie kwa kuwa ni kejeli. Mwaka 1982 mtumishi mmoja mweusi wa shule ya Virginia, shule ambayo kwa ajabu ya historia ilibeba jina la Mark Twain, aliongoza juhudi za kukiondoa kitabu hicho darasani kwa sababu hiyo, na walimcheka wengi ambao hawajawahi kukaa kwenye dawati hilo. Toni Morrison, mwandishi mweusi wa Marekani aliyeandika utangulizi wa toleo la 1996, hakuficha kwamba kitabu hiki kilimsumbua alipokisoma akiwa mdogo, ingawa aliona kampeni za kukipiga marufuku zinawatuliza watu wazima kuliko zinavyowaelimisha watoto. Maoni yangu ni kwamba pingamizi hilo ni la kweli, na jibu lake ni umri pamoja na mwalimu aliyeandaliwa. Kalamu ya kufutia haisaidii kitu. Kitabu kinachohitaji msomaji atambue kwamba msimulizi haamini kuwa anachokitenda ni chema si kitabu cha watoto, hata kama kina mtoto kwenye jalada. Kisomwe miaka michache baadaye, au kisisomwe shuleni kabisa. Kukisoma kikiwa kimebadilishwa neno hilo ndiyo njia mbaya kuliko zote tatu, kwa sababu mwanafunzi ataondoka akiamini amekisoma.

Msamiati wa riwaya hii hauishii kwenye tusi, na pengine hasara kubwa ya ugomvi huu ni kwamba maneno mengine yamesahauliwa. Twain alitanguliza maelezo kwamba ametumia lahaja kadhaa za Missouri na maeneo ya jirani, akazitofautisha kwa bidii, ili wasomaji wasije wakadhani wahusika wote wanajaribu kuzungumza namna moja na kushindwa. Msomaji anayeitofautisha Kimvita na Kiunguja kwa sikio ataelewa fahari hiyo. Lakini katika sura za mwisho inaingia lugha ngeni: lugha ya vitabu. Tom hazungumzi kama Huck. Anazungumza kwa maneno ya hadithi za mashujaa na ngome, na kila jambo la kawaida analipa jina kubwa. Anapolazimika kuchimba kwa sururu badala ya visu vya mezani, anasema watajifanya ni visu. Si bahati mbaya. Katika kitabu chake kingine cha 1883 kuhusu maisha ya Mississippi, Twain aliilaumu lugha ya aina hiyo, hasa ile ya riwaya za Walter Scott, mwandishi wa Uskoti, kwa kuwalevya watu wa Kusini na ndoto za ungwana hata akamhesabu Scott kuwa na sehemu ya lawama ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861. Na katika Huckleberry Finn meli mbovu iliyokwama mtoni, yenye wauaji ndani, inaitwa Walter Scott. Mchezo wa Tom basi ni ugonjwa uleule wa Kusini, ukitendwa na mtoto mwenye malezi bora, juu ya mwili wa mtu aliyefungwa.

Kuna pia msamiati wa bei, ambao ningependa wanafunzi waufuate kwa penseli. Katika sura ya 16 wawindaji wawili wa watumwa, wakidhani ndani ya chelezo mna mgonjwa wa ndui, wanampa Huck kila mmoja sarafu ya dhahabu ya dola 20 kwa kuona haya kumwacha. Katika sura ya 31 Mfalme anamuuza Jim kwa dola 40. Katika sura ya mwisho Tom anamlipa Jim dola 40 kwa kuwa mfungwa mvumilivu, na Jim anafurahi mno. Kiasi hicho kinarudi mara tatu, na kila mara ni malipo yanayomwondolea mlipaji au mpokeaji usumbufu wa dhamiri. Daktari anayemsifu Jim mbele ya wakulima kwa kumtunza Tom anasema kwamba mtu wa namna hiyo ana thamani ya dola 1,000, na kutendewa wema pia. Hata sifa ya Huck mwenyewe, sura ya 40, kwamba alijua Jim ni mweupe kwa ndani, inatumia fedha ya kaya ileile. Hakuna mhusika yeyote, hata anayempenda Jim, aliye na neno la kumsifu lisilotoka sokoni au katika rangi. Huo ndio ukali wa lugha ya kitabu hiki, na hauonekani kwa anayehesabu tusi moja tu.

Na bado mwisho una tundu ambalo tashtiti haiwezi kuliziba. Katika sura ya 16 Jim anaeleza kwa nini anautaka uhuru: atafanya kazi, aweke akiba, amnunue mkewe, kisha wote wawili wanunue watoto wao, na mwenye watoto akikataa, watamtafuta mpinga utumwa awaibe. Katika sura ya mwisho Jim yuko huru, ana dola 40, na mkewe na watoto bado ni mali za watu. Hakuna anayewataja. Huck anawaza safari ya kwenda nchi za magharibi zisizokaliwa ili asije akastaarabishwa na Shangazi Sally. Tom amening'iniza risasi yake shingoni mfano wa saa. Jim anasema lake moja juu ya kifo cha baba yake Huck, na anatoweka kwenye kurasa. Sioni kejeli katika ukimya huo, wala dalili kwamba mwandishi ameutambua. Leo Marx alikuwa na haki ya kukasirika, ingawa kosa hili lilistahili nafasi ya mbele zaidi katika orodha yake.

Kwa mtazamo huo, waliompokea Everett kama msafishaji wa msamiati wamemsoma vibaya. Hakulifuta tusi, katika riwaya yake limo. Alichofanya kwenye lugha ni kuigeuza lahaja ya Jim kuwa kinyago: watumwa wakiwa peke yao huzungumza Kiingereza sanifu, na James huwafundisha watoto namna ya kuzungumza vibaya mbele ya Wazungu, kwa usalama wao. Alichofanya kwenye mwisho ni kikubwa zaidi. Mchezo wa Tom katika shamba la Phelps haumo, na mke na binti, Sadie na Lizzie, ndio wanaoivuta hadithi mpaka tamati. Hilo ni jibu kwa tundu la sura ya mwisho ya Twain, naye hakulitoa kwa dharau: katika shukrani za kitabu chake anamtaja Twain kwa upendo. Wanaosema kwamba riwaya mpya imeifanya ile ya zamani isihitajike hawajaona kwamba kukosekana kwa shamba la Phelps hakumshtui msomaji asiyelijua. Atakayesoma James peke yake atapata hadithi nzuri ya kutoroka, lakini hatajua ni mahali gani hasa Everett alikataa kupita.

Kwetu jambo hili lina sura yake ya kivitendo. Anayekutana na Huckleberry Finn kupitia matoleo yaliyorahisishwa kwa wanaojifunza Kiingereza anakutana na kitabu kisicho na lahaja wala tusi, chenye mwisho uliobanwa katika kurasa chache. Kinamfaa kwa mazoezi ya lugha, ila asiulizwe kwacho swali lolote la uhakiki. Mwalimu wa fasihi chuoni anayetaka kukifundisha chote, na muda hautoshi, atashawishika kufuata njia ya Hemingway na kumalizia pale Huck anapoichana barua, kwa sababu hapo darasa linaondoka na shujaa. Namshauri apunguze kwingine. Uhasama wa familia za Grangerford na Shepherdson unaweza kusimuliwa kwa dakika 10, ingawa ni sura zilizoandikwa vizuri sana, na vituko vya Mfalme na mwenzake vinajirudia kiasi. Sura ya 16, ya 31 na zote zinazofuata zisomwe neno kwa neno, na mtihani uulize dola 40 za Tom zingemnunua nani katika familia ya Jim.